Moto wa Mafiga na Dhana ya Umaskini wa Nishati: Upatikanaji wa Joto la Nyumbani katika Nyanda za Juu za Kibondo na Kasulu, Mkoa wa Kigoma

Utangulizi

Dhana ya umaskini wa nishati ilizaliwa katika nchi za baridi. Nchini Uingereza, Brenda Boardman, katika kitabu chake cha mwaka 1991, alipendekeza kaya ihesabiwe kuwa na umaskini wa nishati pale inapolazimika kutumia zaidi ya asilimia 10 ya kipato chake ili kupata huduma za nishati zinazotosha, na huduma iliyotangulia nyingine zote ilikuwa joto la nyumba. Dhana hiyo ilipoingia katika maandishi ya maendeleo ya Afrika ilibadilika sura. Suala la joto liliachwa nyuma, yakabaki masuala mawili: kaya ina umeme au haina, na inapikia nini. Mantiki ya mabadiliko hayo inaeleweka. Sehemu kubwa ya Tanzania ni nchi ya joto, na mkazi wa Tanga au wa Dar es Salaam hutafuta upepo kuliko moto.

Hata hivyo, nchi haina tabianchi moja. Mji wa Kigoma uko kando ya Ziwa Tanganyika, katika kimo cha takriban mita 770 kutoka usawa wa bahari. Anayetoka huko kupanda kuelekea Kasulu, kisha Kibondo na kata zake kama Kitahana, anaingia katika nyanda ambazo baadhi ya sehemu zake zinafikia na kupita mita 1,500. Kwa kuwa joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 za kimo, tofauti ya mita 700 pekee ni sawa na nyuzi nne au zaidi. Katika majira ya kipupwe, yaani Juni hadi Agosti, anga huwa jeupe na ardhi hupoteza joto haraka baada ya jua kuzama, na usiku hewa hushuka hadi nyuzijoto 15 au chini yake. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu makazi na afya, iliyotolewa mwaka 2018, inataja nyuzijoto 18 kuwa kiwango salama cha chini ndani ya nyumba katika nchi za tabianchi ya wastani au ya baridi. Tanzania haihesabiwi miongoni mwa nchi hizo. Lakini nyumba ya bati isiyo na dari, Kibondo, saa kumi alfajiri mwezi wa Julai, haijui imehesabiwa katika kundi gani.

Makala hii inaeleza jinsi kaya za nyanda hizi zinavyopata joto, gharama yake, nani anayeilipa, na kwa nini sera za nishati safi zinazotekelezwa sasa zinagusa nusu tu ya kazi inayofanywa na moto wa kuni. Hoja yake ni kwamba katika mazingira haya moto wa kupikia na moto wa kuota ni moto mmoja, na kwamba mpango wowote unaouondoa ule wa kwanza bila kuhesabu wa pili unahamisha gharama kwenda kwa wale wasio na uwezo wa kuilipa.

Moto mmoja, kazi nyingi

Katika kaya nyingi za Waha jiko ni kijumba kilichotengwa na nyumba ya kulala, chenye kuta za udongo au matofali na paa la nyasi au bati. Katikati au pembeni huwa na mafiga matatu. Kuni, ambazo kwa Kiha huitwa inkwi kama zinavyoitwa ng'ambo ya mpaka kwa Kirundi, huingizwa kwa ncha na kusukumwa kidogo kidogo kadiri zinavyoteketea. Chakula kikuu ni ugali, wa mahindi au wa muhogo, pamoja na maharage. Nyanda hizi ni za maharage, na maharage makavu yasiyolowekwa hudai moto wa saa mbili hadi tatu. Kwa hiyo moto huwashwa alasiri na kuendelea hadi usiku, na familia hukaa hapo hapo, si kwa sababu ya chungu peke yake. Watoto hufanyia kazi za shule kwenye mwanga wake, wazee huota, mama aliyejifungua hukaa karibu nao na mtoto wake, nguo na kuni mbichi hukaushwa. Juu ya moto hutundikwa au kupangwa kwenye dari mahindi ya mbegu, ambayo moshi huyakinga na fukusi. Moshi huo huo hupenya katika nyasi za paa na kuwafukuza wadudu waharibifu.

Wataalamu wa majiko hupima ufanisi wa mafiga kwa kulinganisha nishati inayoingia katika chungu na ile iliyomo katika kuni. Kwa kawaida hupata kati ya asilimia 10 na 15, na kinachobaki huitwa upotevu. Neno hilo linastahili kutazamwa upya. Kilo moja ya kuni zilizokauka kwa hewa ina nishati ya takriban megajuli 16. Ikichukuliwa kaya inayochoma kilo 5 za kuni jioni moja, nishati yote ni megajuli 80. Kwa ufanisi wa asilimia 13, chungu hupata megajuli zipatazo 10. Megajuli 70 zinazosalia ni sawa na uniti 19 za umeme. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya nishati hiyo hutoka kupitia upenuni na mlangoni pamoja na moshi. Lakini hata ikikadiriwa kwa tahadhari kwamba sehemu moja tu ya kumi huwafikia waliokaa kuuzunguka moto, kaya hiyo hupata huduma ya joto inayolingana na uniti 2 za umeme kila jioni. Katika mwezi wa Julai upotevu huo ni huduma. Katika mwezi wa Novemba, mvua zinapokuwa zimeanza na mchana una fukuto, ni upotevu kweli.

Ufafanuzi huu hauna nia ya kuusifu moshi. Takwimu zinazotumiwa na Serikali zinakadiria kuwa zaidi ya Watanzania 33,000 hufariki kila mwaka kutokana na magonjwa yanayohusishwa na moshi wa majumbani, na wanaoumia kwanza ni wanawake na watoto wadogo wanaokaa karibu na mafiga. Mtu yule yule anayepata joto ndiye anayevuta sumu. Hapo ndipo ugumu wa jambo ulipo, na kuliita kaya lisiloacha kuni kuwa kaya lisiloelimika ni kuukwepa ugumu huo.

Kuni zilikoenda

Umbali wa kuni haukuletwa na ongezeko la watu peke yake. Katika miaka ya 1930 utawala wa Waingereza uliwahamisha wakazi wa sehemu za Buha kutoka maeneo yenye mbung'o na kuwakusanya katika makazi ya pamoja ili kudhibiti malale. Ardhi iliyoachwa ilirudi kuwa pori, na ile iliyopokea watu ikafyekwa. Mwaka 1972 Kigoma ikawa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kufanyiwa operesheni ya kuwahamishia wananchi katika vijiji, kabla ya zoezi hilo kuenea nchi nzima. Kaya zilizokuwa zimetawanyika vilimani, kila moja na kichaka chake, zilipangwa kwa mistari kando ya barabara. Vijiji vilirahisisha ujenzi wa shule, zahanati na visima, na miaka mingi baadaye ndivyo vilivyorahisisha kupitisha nyaya za umeme. Kwa upande wa kuni athari ilikuwa kinyume: kaya mia kadhaa zilianza kuokota katika duara moja, na duara hilo likapanuka mwaka hadi mwaka.

Likaongezwa jambo la tatu, wakimbizi. Warundi walianza kuingia kwa wingi mwaka 1972, wakaja tena baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mnamo Oktoba 1993. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya Zaire. Mwaka 2015, mgogoro wa Burundi uliposababisha wimbi jingine, Nyarugusu ilifurika, kambi ya Nduta wilayani Kibondo ikafunguliwa upya mwezi Oktoba, na Mtendeli wilayani Kakonko ikafuata mapema mwaka 2016. Mtendeli ilifungwa mwaka 2021. Kambi yenye watu 100,000, hata kama kila mmoja atatumia kilo moja tu ya kuni kwa siku, huteketeza tani 100 kila siku ya Mungu. Hakuna pori la kijiji linaloweza kukabili kiasi hicho kwa muda mrefu.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae katika eneo alilopangiwa, na kwa vitendo ruhusa ya kutoka kambini imewekewa mpaka wa kilomita chache. Ndani ya mpaka huo kuni ziliisha mapema. Anayevuka kuzitafuta anavunja sheria na anaingia katika pori au shamba la mwenyeji wake, ambaye naye amekuja kutafuta kitu kile kile. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2000 kuhusu kambi za Tanzania iliandika jinsi wanawake wakimbizi walivyoshambuliwa na kubakwa walipokwenda kuokota kuni. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa maana ya nishati kuwa suala la huduma ya umma: mgao wa chakula ulitolewa kama haki ya mkimbizi, lakini moto wa kuivisha mgao huo uliachwa uwe jukumu lake binafsi, ilhali mgao wenyewe ulikuwa na jamii ya kunde zinazodai moto mrefu. Matokeo yake sehemu ya chakula ilibadilishwa kwa kuni. Majiko banifu ya udongo yaligawiwa na kufinyangwa kambini, na majaribio ya gesi yalifanyika Nyarugusu. Yalipunguza safari za porini. Kwa upande wa vijiji jirani, Programu ya Pamoja ya Kigoma ya Umoja wa Mataifa, iliyoanza mwaka 2017, iliingiza nishati na mazingira miongoni mwa maeneo yake ya kazi, jambo lililokuwa limedaiwa na wenyeji kwa muda mrefu.

Yapo pia matumizi yasiyozungumzwa sana. Ukaushaji wa tumbaku unahitaji kuni, na uchomaji wa matofali vile vile. Jambo hili la pili lina kinaya chake. Nyumba bora, inayotarajiwa kuikinga kaya na baridi, hujengwa kwa matofali ya kuchoma, na tanuru moja humeza kuni ambazo kaya ingezitumia kwa miezi mingi.

Umeme umefika, joto halijafika

Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 iliunda Mfuko wa Nishati Vijijini na Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ulioanza kazi mwaka 2007. Jina la sheria linataja nishati, si umeme, ingawa kwa miaka mingi kazi ya wakala ilionekana zaidi katika nguzo na nyaya. Katika kazi hiyo mafanikio ni makubwa. Vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na mradi wa umeme, na sasa kazi imehamia katika vitongoji, ambavyo ni 64,359. Mkoa wa Kigoma ulichelewa kuliko mikoa mingi. Kasulu na Kibondo zilitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, yenye gharama kubwa na mgao wa mara kwa mara, hadi Oktoba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipoyazima rasmi baada ya mkoa kuanza kupata umeme wa gridi ya Taifa kutoka Nyakanazi. Njia ya msongo wa kilovoti 400 kati ya Nyakanazi na Kigoma na mradi wa maporomoko ya maji ya Mto Malagarasi wa megawati 49.5 vimepangwa kuimarisha huduma hiyo.

Gharama ya kuunganishwa kijijini iliwekwa kuwa shilingi 27,000, kiasi kilicho chini sana ya gharama halisi. Bei ya matumizi nayo ina ruzuku ndani yake. Mteja wa daraja la D1 hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo. Mteja ambaye matumizi yake yanazidi uniti 75 mara kwa mara huhamishiwa daraja la T1, ambako uniti ni shilingi 292 tangu ya kwanza. Juu ya bei hizi huongezwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, tozo ya REA ya asilimia 3 na ya EWURA ya asilimia 1, ambazo kwa pamoja hufanya asilimia 22.

Muundo huu wa bei ni sera ya kijamii iliyoandikwa kwa lugha ya hesabu. Unasema kwamba matumizi ya lazima ya kaya maskini ni uniti 75, na kwamba kinachozidi ni hiari. Inafaa kuupima kwa kaya ya nyanda za juu. Kwa taa, redio na simu, uniti 10 kwa mwezi zinatosha. Kwa kupika, kama kaya ina jiko la umeme la presha, ambalo huivisha maharage kwa nusu uniti au pungufu, pamoja na jiko la kawaida la umeme kwa ajili ya ugali na chai, uniti moja na nusu kwa siku ni makadirio ya wastani, yaani uniti 45 kwa mwezi. Jumla ni uniti 55. Gharama yake ni shilingi 5,500, na pamoja na kodi na tozo ni shilingi 6,710. Katika hesabu hii umeme ni nafuu kuliko mkaa, na watetezi wa upishi wa umeme, wakiwemo watafiti wa shirika la TaTEDO, wana haki ya kulisisitiza jambo hilo.

Ikiongezwa sasa ile huduma ya joto ya uniti 2 kwa jioni iliyokadiriwa hapo juu, matumizi ya mwezi wa kipupwe yanakuwa uniti 115. Uniti 75 za kwanza ni shilingi 7,500, uniti 40 za ziada ni shilingi 14,000, jumla shilingi 21,500. Na pamoja na kodi na tozo, shilingi 26,230. Matumizi yameongezeka mara mbili tu na ushei, lakini malipo yameongezeka karibu mara nne. Na kama kipupwe cha miezi mitatu kitaisukuma kaya hiyo katika daraja la T1, uniti zile zile 115 zitagharimu shilingi 40,968. Kwa mkulima anayeuza maharage mara moja au mbili kwa mwaka, hakuna LUKU ya namna hiyo. Atakachofanya ni kile kinachofanyika tayari: atawasha taa ya umeme, atachaji simu, pengine atachemsha chai kwa umeme, kisha jioni atarudi kwenye mafiga.

Gesi haibadilishi picha hii sana. REA imekuwa ikisambaza mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku ya nusu ya bei, na kwa mara ya kwanza mtungi umeonekana katika vijiji visivyokuwa na duka la gesi. Kilo 6 za gesi zina takriban megajuli 276. Kwa jiko lenye ufanisi wa asilimia 55, megajuli 152 huingia katika chungu. Ili kupata kiasi hicho kwa mafiga zinahitajika kuni zipatazo kilo 73, yaani mizigo mitatu au minne ya kichwa. Kwa mwanamke anayeitafuta mizigo hiyo ni nafuu ya kweli. Lakini kujaza mtungi hugharimu zaidi ya shilingi 20,000 taslimu kwa mara moja, mbali na nauli ya kuufikisha mjini, na ruzuku ililenga mtungi, si ujazo wake. Zaidi ya hayo jiko la gesi, kwa ubora wake wenyewe, halimpashi joto aliyekaa pembeni. Kadiri jiko linavyokuwa na ufanisi, ndivyo jikoni kunavyokuwa baridi.

Gharama isiyo na stakabadhi

Kuni za kuokota huitwa za bure. Katika takwimu za matumizi ya kaya hazionekani, au huonekana kwa thamani ndogo ya kukadiriwa. Ikichukuliwa kaya ambayo mwanamke na binti yake huenda kuokota mara tatu kwa wiki, kila safari ikiwa ya saa nne, hiyo ni saa 24 za kazi kwa wiki kwa watu wawili. Kwa kipimo cha Boardman cha asilimia 10 ya kipato, kaya hii haina umaskini wa nishati hata kidogo, kwa sababu haitumii hata shilingi moja. Kipimo kikisomwa kwa saa badala ya shilingi, inatoa sehemu ya nguvukazi yake ambayo hakuna kaya ya Uingereza ingekubali kuitoa.

Mgawanyo huo wa kazi una historia. Kwa miongo mingi wanaume wa Buha waliondoka kwa mikataba kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na mengineyo, wale walioitwa manamba, na kazi zote za nyumbani, kuni zikiwemo, zikabaki mikononi mwa wanawake. Mkonge ulianguka, mikataba ikaisha, lakini mgawanyo ule haukubadilika.

Ndiyo maana nani anaamua kuhusu nishati ndani ya kaya si swali dogo. Kuni hulipwa kwa jasho la mwanamke. Gesi na LUKU hulipwa kwa fedha, ambazo katika kaya nyingi hushikwa na mwanamume. Kuhama kutoka kuni kwenda gesi ni kuuhamisha mzigo kutoka mgongo mmoja kwenda mfuko wa mwingine. Mwenye mfuko asipoona kwamba kuna mzigo, hatoi.

Joto kama huduma ya umma

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034, kutoka asilimia 6.9 mwaka 2021. Tanzania ilishiriki kuongoza mkutano wa nishati safi ya kupikia barani Afrika uliofanyika Paris mwezi Mei 2024, na mwezi Januari 2025 Dar es Salaam ikapokea mkutano wa wakuu wa nchi kuhusu nishati. Kwa hiyo utashi wa kisiasa upo. Kinachokosekana ni kipengele cha joto kwa wilaya za baridi. Si Kibondo na Kasulu peke yake: Makete, Njombe, Mbeya na Lushoto zina tatizo hilo hilo, baadhi yake kwa ukali zaidi.

Kipengele hicho si lazima kiwe vipasha joto vya umeme kwa kila nyumba. Hesabu iliyotangulia imeonesha kuwa hilo halitawezekana kwa bei zilizopo. Njia iliyo nafuu zaidi ni kuizuia nyumba isipoteze joto. Paa la nyasi, pamoja na udhaifu wake wote wa kuvuja na kushika moto, lilikuwa blanketi la nyumba. Bati liliondoa uvujaji likaleta baridi, kwa sababu chuma chembamba hupoteza joto angani mara tu jua linapozama. Dari ya mikeka, ya mbao au ya udongo juu ya miti, pamoja na mlango unaofunga vizuri, hurudisha sehemu kubwa ya kile ambacho nyasi zilikuwa zikikihifadhi. Programu za nishati hazigharimii dari. Programu za makazi, ambazo zingeweza, hazijioni kuwa programu za nishati. Katika Uingereza iliyoizaa dhana yenyewe, fedha za kupambana na umaskini wa nishati zimetumika pia kwenye kuta na dari, wala si kwenye mafuta peke yake.

Njia ya pili ni bei. EWURA ina mamlaka ya kupanga bei kwa madaraja, na hakuna sababu ya kihesabu inayozuia ukomo wa uniti 75 kuongezwa kwa miezi ya Juni, Julai na Agosti katika wilaya zilizoainishwa kwa kimo, au kuzuia mteja asihamishwe daraja kwa matumizi ya miezi hiyo. Pingamizi lililo zito ni kwamba ruzuku hiyo itawafaidi wenye umeme kwanza, na wenye umeme kijijini si maskini wa mwisho. Pingamizi hilo ni la haki. Linaelekeza kwamba ruzuku ya bei isitangulie ile ya dari, na kwamba wodi za wazazi katika vituo vya afya, ambako mtoto mchanga anaweza kufa kwa baridi, zipewe umeme wa joto kabla ya nyumba binafsi.

Njia ya tatu haipendwi katika mikutano ya nishati safi, nayo ni kuzitambua kuni. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaviruhusu vijiji kutenga na kusimamia misitu yao wenyewe. Kijiji chenye shamba la miti inayokua haraka, lililo karibu na makazi, linalovunwa kwa zamu, kinaweza kukata saa za kuokota kwa kiasi kikubwa hata kabla gesi haijazoeleka. Jiko lenye bomba la moshi, lililojengwa kwa matofali na udongo, hutoa moshi nje huku mwili wake ukihifadhi joto kwa saa kadhaa baada ya moto kuzimwa. Kwa mujibu wa vipimo vinavyotumika, kaya yenye jiko hilo bado iko upande wa nishati chafu. Kwa mujibu wa macho na mapafu ya aliyekaa humo, iko mahali tofauti kabisa na alipokuwa.

Suala la kipimo ndilo linaloamua fedha ziende wapi. Mfumo wa ngazi nyingi wa Benki ya Dunia wa mwaka 2015 una vipengele vya umeme, upishi na upashaji joto wa nyumba, lakini hicho cha mwisho kwa kawaida huachwa katika nchi za tropiki. Sensa na tafiti za kaya huuliza nishati kuu ya kupikia, na hukubali jibu moja. Kaya ya Kitahana iliyopewa mtungi mwezi Februari, ikaulizwa mwezi Machi, itajibu gesi, na itahamishiwa katika safu ya nishati safi. Ikiulizwa mwezi Julai, swali likiwa ni jana usiku mlikaa wapi na kitu gani kilikuwa kinawaka, mtungi utakuwa umesimama ukutani, na jibu litakuwa mafiga.